Saa ya Mzamiaji Niliyowekewa

Muskati, Oman

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia upya kwa kalamu, kwa sababu wiki iliyopita kwenye simu nilikuamkia na hukuitikia. Tangu nipate akili sijawahi kukupa shikamoo nikakosa marahaba yake. Ulinyamaza, nikasikia kuku wa mama wakilia nyuma yako, halafu ukauliza, "Zaituni, umechukua kitu cha mtu?" Nikaanza kulia kama mtoto, na mtandao nao ukakatika palepale kama vile umetumwa. Nilipopiga tena alipokea Hadija, akasema umetoka kwenda kuangalia ng'ombe. Adhuhuri ile, Baba, na ng'ombe wako machungani? Nikajua tu kwamba hutaki kuongea na mimi.

Basi nimeona niandike. Simu haitufai kwa jambo hili. Wewe sikio moja limegoma, na mimi nikiwa na uchungu naongea mbio mpaka sijielewi mwenyewe. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Itigi tunayefahamiana naye hapa, mkataba wake umeisha. Akipita Singida mjini ataikabidhi kwa basi la kwetu. Atakusomea Hadija. Na wewe Hadija, mdogo wangu, soma polepole, usiruke sehemu zinazoniaibisha.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika, au imeishia kwenye magoti ya watu wengine? Alizeti zimetoka vizuri, au mvua imefanya mchezo wake wa mwaka jana? Mama amwambie Hadija aniandikie kuhusu kifua chake, ukweli mtupu, asinipe ile "tunaendelea vizuri" ya kila siku. Mimi mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo iliyokuwa mgonjwa, na nitakueleza sababu.

Habari najua imefikaje huko nyumbani Kinyangiri. Niliweka picha kwenye simu: mkono wangu, unga wa chapati, na saa kubwa nyeusi ya kiume. Shangazi Mwajuma akaiona kwenye simu ya mwanawe. Wiki haijaisha akasikia kwamba ninafukuzwa kwenye nyumba ninayofanya kazi. Akachukua picha, akachukua habari ya kufukuzwa, akachanganya, akapata mwizi. Simlaumu sana. Shangazi ukimpa majani na maji hawezi kukaa bila kukutolea chai. Lakini wewe, Baba, umenilea mwenyewe, na wewe ukaniuliza. Hapo ndipo paliponiuma.

Sasa nisikilize tangu mwanzo.

Huyu mzee ninayemtunza, Mzee Nasoro, namwita Babu, na umewahi kusalimiana naye kwenye simu. Alizaliwa Unguja akaletwa huku mdogo, Kiswahili chake ni kile cha kubembeleza, na changu anakiita Kiswahili cha jembe. Ujana wake wote alikuwa mzamiaji wa jeshi la majini. Meli ikinasa kamba kwenye pangaboi, Babu ndiye aliyeshuka kuikata. Kitu cha serikali kikizama, Babu ndiye aliyetumwa kukipapasa kwenye tope. Mimi mtu wa bara, wa Mkalama, maji mengi niliyoyajua ni ya bwawa la kunyweshea mifugo, nilikuwa namsikiliza mdomo wazi.

Huko jeshini kila mzamiaji alipewa saa. Si saa ya urembo. Ni nene, ina uso mweusi, na tarakimu zake zinawaka kijani gizani, kwa sababu huko chini mtu haoni hata vidole vyake. Juu ina pete inayozungushwa ili ujue umebakiwa na hewa ya dakika ngapi, na pete hiyo inakwenda upande mmoja tu. Babu alinieleza sababu yake: ikigongwa kwa bahati mbaya itakudanganya kwamba hewa ni kidogo, utapanda juu mapema na utapona. Ingekuwa inakwenda pande zote, siku moja ingekudanganya kwamba hewa bado ipo. Babu akiieleza pete hiyo macho yake hurudi ujanani.

Siku ya kustaafu akairudisha stoo pamoja na viatu vya kuogelea. Ilikuwa mali ya jeshi. Tangu hapo amekuwa mkusanyaji. Anazo saa za kuzamia droo nzima, za majeshi ya nchi mbalimbali, kila moja kwenye kisanduku chake, na plastiki zake za dukani hazijabanduliwa. Havai hata moja. Ijumaa huzifungua, huziangalia, huzifunga. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa. Baadaye nikamzoea. Mbona wewe nawe husimama zizini jioni ukiangalia ng'ombe bila kuwafanya chochote?

Kumbe ile moja, ile aliyoirudisha stoo, ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwenye hizo zote. Mwaka huu kiwanda kikatangaza kwamba kitaitengeneza tena kwa sura ileile ya kijeshi, chache mno, kila moja na namba yake mgongoni, na zikiisha zimeisha. Babu akaandikisha jina dukani akaanza kusubiri. Alisubiri kama bwana harusi. Simu ya nyumbani ikilia kwa jambo lolote, hata la mfereji wa maji, alikuwa anakimbilia yeye.

Duka lilipopiga kweli, Babu alikuwa hospitali. Moyo ulimwangusha bafuni, mimi ndiye niliyemkuta. Bi Raya, binti yake wa pekee, alikuwa safarini kikazi nchi nyingine. Babu akanishika mkono pale kitandani, mirija imemjaa, akasema, "Mwanangu, saa yangu imekuja. Nenda kanichukulie wewe. Wakiona hakuna mtu wataipa mwengine."

Nikaenda na barua yake na kitambulisho chake. Baba, lile duka! Baridi utadhani tuko Kinyangiri mwezi wa saba, na zulia lake unaona haya kulikanyaga. Nilikuwa na kandambili zangu za jikoni, maana nilitoka hospitali moja kwa moja. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nimekuja kuchukua saa. Walivyosoma barua wakabadilika, nikaletewa kahawa na tende, nikazila zote. Kijana wa duka akavaa glavu ndipo akaigusa. Akanieleza kwa heshima kwamba saa hii haina betri, inaishi kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe. "Isipovaliwa inasimama," akasema.

Hayo maneno ndiyo yaliyoniponza.

Nilipompelekea Babu hospitali, alikifungua kisanduku, akaiangalia muda mrefu bila kuigusa. Machozi yakamtoka. Akafunga. Akasema hapo wodini watu ni wengi, itapotea au itakwaruzwa. "Ikae kwako mpaka nitoke. Iangalie."

Ikae kwako. Iangalie. Baba, mtoto uliyemlea wewe akiambiwa hivyo anaelewa nini? Mimi nilimwona Kijivu. Nilimwona yule ng'ombe wa rafiki yako, Mzee Hamisi wa Unyambwa, aliyewekwa zizini kwetu. Hakuwa wetu, na ndiye aliyechungwa kuliko wetu. Ulitufundisha kwamba ng'ombe wa kuwekewa anakamuliwa kila siku, maziwa tunakunywa sisi, ndama wake ni wa mwenyewe. Asiyemkamua anamharibia chuchu, na siku mwenyewe akija atajibu. Kwetu kitu cha mtu hakitunzwi kwa kufungiwa.

Nikaiweka kabatini, nikijiambia ni salama. Siku mbili tatu nikafungua kuiangalia, imesimama. Mishale kimya. Nikajua nimeua kitu cha mgonjwa naye yuko kitandani. Nikaitikisa kwa woga, ikaanza kutembea. Nikakaa chini pale sakafuni nikacheka peke yangu. Kisha nikabandua plastiki zake zote, maana zilikuwa zinakwaruza ngozi, nikakata kile kikaratasi kilichoning'inia, nikaivaa.

Niliivaa kila siku. Nilifagia nayo, nikafua nayo, nikakanda nayo unga. Ilikuwa nzito, mkono ulichoka, lakini kila nikiiangalia inatembea nilikuwa nasema moyoni, Babu yu hai. Nilijivuna, siwezi kuficha. Ndipo nikapiga ile picha. Na siku moja nikiinua mtungi wa gesi, chuma kikapita kwenye ile pete ya juu na kuacha mstari. Si mkubwa, lakini unaonekana.

Kesho yake Bi Raya akarudi. Akanikuta jikoni nasukuma chapati, saa mkononi.

"Zaituni, hiyo nini?"

"Saa ya Babu. Ameniwekea."

"Plastiki zake ziko wapi?"

Nikamwambia nimezitupa. Baba, yule mama si mkorofi, lakini siku hiyo aliinama kwenye pipa la taka na nguo zake za safari akatafuta plastiki. Hazikuwepo. Alipoona na ule mstari akakaa kwenye kiti cha jikoni akashika kichwa. "Hii si saa ya kuvaa! Ni ya kuhifadhi! Huko kwenu hakuna makabati?" Akanieleza kwamba wakusanyaji wanaitaka saa ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani, na kwamba kuivaa tu, hata bila ule mstari, ni kuiondolea heshima yake. Hii Babu alishaisubiri nusu ya maisha yake. Nyingine haipatikani.

Hakuniita mwizi. Hilo nataka ulisikie, maana shangazi ndiye aliyeliongeza. Lakini alisema nifungashe. Alisema ataweka saa kisandukuni, ataficha ule mstari kwa upande wa chini, na Babu ataambiwa kwamba mimi nimepata dharura nikarudi nyumbani. "Moyo wake hautaweza," akasema. "Ukimwonyesha utamuua."

Nilifungasha, saa bado iko mkononi. Nikakaa juu ya begi langu nikilia, na katikati ya kulia nikakukumbuka wewe.

Kijivu alipokufa kwa kuvimba tumbo, mama alikwambia umpigie simu Mzee Hamisi umwambie. Ukasema, "Simu haina ngozi." Ukamchuna usiku uleule wa msiba, ukaifunga ngozi nyuma ya baiskeli ikiwa mbichi, na sikio lenye alama yake, ukapiga pedeli mpaka Unyambwa. Mbwa wa vijiji vyote walikusindikiza. Maana ng'ombe wa mtu akifa kwako, hupeleki maneno. Unakwenda mwenyewe, unamwekea ngozi mbele yake, aguse, aone alama, aseme analotaka kusema. Ulirudi kwa miguu unasukuma baiskeli na kuswaga mtamba mwingine uliyewekewa na Mzee Hamisi.

Nikamfuata Bi Raya sebuleni. Nikamwambia, nifukuze, sina neno, lakini kwanza nipeleke kwa Babu nikamwonyeshe kwa mkono wangu. Akasema hapana. Nikamwambia basi nitakwenda kwa miguu. Aliniangalia kama mtu aliyechoka sana, akachukua funguo za gari.

Babu alikuwa ameketi kwenye mito. Nilimwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakashuka mkononi mwangu.

Nikasema yote kwa pumzi moja. "Babu, nimeivaa kwa sababu ilisimama nikaogopa imekufa. Plastiki nimetupa. Na hapa nimeikwaruza na mtungi wa gesi. Nimekuja uone."

Akanyoosha mkono, nikaivua nikampa. Akapitisha kidole chake kwenye ule mstari, akapitisha tena. Kisha akasema polepole, "Umeniharibia, Zaituni." Akageukia ukutani. Bi Raya akanitazama, na kwenye uso wake sikuona hasira tena, niliona hofu. Nilisimama pale sijui niondoke au nikae. Baba, sitaki kukudanganya kwamba mzee alicheka akanisamehe. Alikasirika kweli, na alikuwa na haki.

Bila kugeuka, akauliza, "Nani alikwambia kitu cha kutunza kinavaliwa?"

Nikamwambia ni wewe. Nikamweleza Kijivu, maziwa, ngozi nyuma ya baiskeli, na wale mbwa. Nilipofika kwa mbwa mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka na hataki tuone.

Akageuka. "Haya, kisandukuni hairudi tena. Nishaharibiwa. Sasa n'na la kufanya gani? Nivishe."

Nikamvisha. Mkono wake umekwisha, Baba, saa ilikuwa inateleza mpaka karibu na kiwiko. Bi Raya akakaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Babu akauinua mkono akaiangalia kwa mbali, akaiangalia kwa karibu, akasema pete ya ile saa yake ya kwanza kule jeshini ilikuwa na makovu zaidi ya haya. Begi langu Bi Raya hakulitaja tena, nami sikumkumbusha.

Lakini siku chache baadaye tulipokwenda tukaikuta imesimama, na imo mkononi mwake. Babu alikuwa hajisogezi. Hali ilikuwa imerudi nyuma, analala tu kama gogo, hata uji anakataa. Saa inayoishi kwa mwendo wa mkono ilikuwa haipati mwendo. Bi Raya akasema inaweza kuzungushwa kwa kile kidude cha pembeni, akaanza. Babu akamzuia kwa macho. "Ukiizungusha wewe, mimi n'tajuaje kama n'mzima?"

Akanipa mimi. "Kaikamue," akasema. Akalipata neno hilo kwangu, na tangu hapo halimtoki.

Basi ndivyo tulivyoishi. Nakaa nayo nyumbani, nafagia nayo, naamsha, namrudishia ikiwa inatembea. Nikirudi tena siku zikishapita, nakuta imesimama. Naivaa, naamsha, narudisha. Kila nikiikuta imekufa mkononi mwake, Bi Raya anatoka nje kwenda kulia kwenye korido. Wakati huohuo ndipo uliponiuliza swali lako kwenye simu, Baba. Sasa unaelewa kwa nini nilishindwa kukujibu. Nilikuwa nimetoka kuikuta imesimama kwa mara nyingine, na daktari ametuambia tujiandae.

Leo asubuhi tulikwenda. Safari hii tulikuwa tumeiacha kwake siku nyingi kuliko kawaida, maana Bi Raya alikuwa na homa na mimi namuuguza. Nilipoingia Babu alikuwa amefumba macho, mkono juu ya shuka. Niliogopa kuangalia. Nikainama nikatega sikio.

Ilikuwa inatembea.

Nikamgeukia Bi Raya nikamuuliza kama amewaambia manesi waizungushe. Akaapa hajamwambia mtu. Nesi aliyekuwa anabadilisha maji akaanza kulalamika: huyu mzee wenu anatusumbua, mchana kutwa anapiga mkono kitandani mbele nyuma, mbele nyuma, tukimuuliza anasema anaogelea. Na jana ameomba uji, kisha akaomba aongezewe.

Babu akafumbua jicho moja. Kumbe alikuwa macho muda wote. Akaniambia, "Mwandikie babako. Mwambie ng'ombe nimemkamua mwenyewe."

Nimetoka hapo nimekuja kuandika barua hii. Daktari hajaahidi chochote, ila neno la kujiandaa hakulirudia.

Nisalimie mama, mwambie chapati zangu sasa zinakunjika vizuri kuliko zake. Nisalimie kaka Ramadhani, mwanao wa kwanza, na wifi yangu, na yule kichanga wao nisiyemjua uso. Nisalimie Mzee Hamisi wa Unyambwa, mwambie kuna mzee mwenzake wa pwani anajua habari za ng'ombe wake mpaka harufu ya ngozi. Shangazi Mwajuma, dada yako, nampa salamu za pekee, na naomba naye asomewe barua hii, uani, kwa sauti, mbele ya wale wote waliokunywa ile chai yake.

Na wewe, Baba. Uliniuliza kama nimechukua kitu cha mtu. Sikuchukua. Niliwekewa. Kilipoumia mikononi mwangu nilikwenda mwenyewe na ngozi, kama ulivyokwenda wewe. Sina jibu jingine zaidi ya hilo. Ukishasomewa, usitafute ng'ombe wa kuangalia adhuhuri. Mwambie Hadija apige simu, ulete lile sikio lako zima karibu, nami nitasema neno moja tu kisha ninyamaze ningoje lako.

Ni mimi binti yako,
Zaituni

Shikamoo, Baba.